Mumiani, wazungu na makoti meupe: yanayosemwa kuhusu watu wa utafiti wa afya, na yalivyo kweli

Ukitaja utafiti wa afya kwenye baraza yoyote ya Mombasa, mtu atakutajia Kilifi kabla hujamaliza kusema. Hajakosea. Kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, kilianza pale mwaka 1989, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford, na kutoka hapa ni kilomita 60 hivi ukishaimaliza foleni ya Mtwapa. Lakini hata ndani ya mji utafiti ni wa siku nyingi. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani walianza kufuatilia kundi la wanawake wa Mombasa, kupitia kliniki ya Ganjoni, kuchunguza maambukizi ya ukimwi. Tumeishi na watu hawa zaidi ya miaka thelathini, na bado yanayosemwa juu yao ni yale yale. Mengine ni porojo tupu. Mengine yana nusu ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo yanayotaka kukaliwa kitako.

"Kule wanataka madaktari tu"

Maneno haya yamewanyima vijana wengi kazi, maana hawaombi kabisa.

Tufuate kichupa kimoja cha damu. Kina kifuniko cha zambarau, ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, na ubavuni kimebandikwa namba badala ya jina la mtoto. Aliyetoa damu ni muuguzi. Aliyekibeba kutoka kijijini ni dereva, amekitia kwenye kisanduku cha baridi chenye kipimajoto, na akikaa sana njiani kichupa hicho huenda kisifae kitu tena. Maabarani, fundi sanifu hukizungusha kwenye mashine hadi maji ya damu yajitenge na chembe zake, akayagawa kwenye vichupa vidogo na kuviingiza kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hapo sasa anaingia mtu ambaye hatajwi popote: fundi wa friza. Pwani yetu ina joto, ina unyevu, ina hewa ya chumvi inayokula chuma, na stima hupotea bila hodi. Friza ikianza kupanda joto saa nane za usiku, simu inayolia ni ya kwake, si ya profesa. Jenereta ikigoma kuwaka, sampuli za miaka mingi zinaweza kuharibika kabla ya adhana ya alfajiri. Huyu amesomea vifaa vya matibabu au umeme katika chuo cha ufundi. Hajawahi kumpima mgonjwa hata mmoja, na bila yeye hakuna utafiti.

Mombasa ina fundi wake wa peke yake pia. Kemikali za maabara, mashine na dawa za majaribio huingia nchini kwa bandari au kwa ndege, na mzigo uliofungwa kwa barafu kavu hauna subira, kwa kuwa barafu hiyo hugeuka hewa saa baada ya saa hata kama karatasi bado ziko mezani kwa mtu. Kijana wa klaringi anayejua ni fomu gani za forodha na ni kibali gani cha Bodi ya Dawa na Sumu vinavyotakiwa kabla ndege haijatua, huyo ni dhahabu. Mji huu umejaa watu waliojifunzia kazi hiyo Kilindini, wala sijui wangapi kati yao wamewahi kufikiria kwamba kituo cha utafiti kinawahitaji.

Na kuna wafugaji wa mbu. Si mzaha. Viluwiluwi hulishwa chakula cha samaki wa mapambo, chumba huwekwa kwenye joto la nyuzi 27 hivi na unyevu mwingi, madume hunywa maji ya sukari, majike hupewa damu ili watage. Mtu huamka asubuhi, hupanda matatu, huenda kuhesabu mabuu kwenye trei, na mwisho wa mwezi hulipwa. Ongeza mhasibu anayeeleza kwa mfadhili kila shilingi imekwenda wapi, mwanasheria wa mikataba, mtunza stoo, mpishi, askari wa getini. Madaktari wamo, ila si wao wanaojaza basi la wafanyakazi.

"Hao ni mumiani, damu wanaiuza"

Usicheke haraka. Hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kuteka wenzao na kuwatoa damu, zimekuwepo Pwani tangu enzi za mkoloni, na hazikuota hewani. Waganga wa serikali ya kikoloni walitoa watu damu bila kuwaeleza chochote wala kuwaomba ruhusa. Mtu aliyerithi kumbukumbu hiyo akiona gari jeupe linaingia mtaani ana haki ya kuuliza limefuata nini.

Lakini hesabu yenyewe haikubali. Sampuli ya mtu mzima kwa kawaida ni mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Anayejitolea damu hospitalini hutoa karibu mililita 450, na mwilini mwake zimo lita 5 hivi. Kwa mtoto, kiasi huwekewa kikomo kulingana na uzito. Tena ile dawa iliyomo kwenye kichupa cha zambarau huifanya damu isifae kuongezewa mgonjwa yeyote. Huyo mnunuzi angenunua nini?

Kisheria, utafiti wa namna hii hauanzi bila idhini ya kamati ya maadili na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Fomu ya ridhaa lazima iseme kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote na asinyimwe matibabu yake ya kawaida. Fomu hiyo nayo ina watu wake: anayeitafsiri kwa Kiswahili na Kigiriama, na mwingine asiyeiona ya asili anayeirudisha kwa Kiingereza kuangalia kama maana imepotea njiani.

Ile nusu ya ukweli ni hii. Sampuli nyingine husafirishwa ng'ambo, kwa mkataba, kwa vipimo ambavyo havifanyiki hapa. Na watu wengi waliotoa damu hawakurudiwa hata siku moja kuambiwa ilipatikana nini. Hapo watafiti wanastahili lawama, na sioni kwa nini tuwapambe.

"Wale wa nyanjani wanajaza fomu tu"

Hii inaniudhi kuliko zote, labda kwa sababu inasemwa hata ndani ya ofisi zenyewe.

Kilifi kuna eneo ambalo tangu mwaka 2000 watu wake zaidi ya robo milioni wanafuatiliwa nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia Mombasa kutafuta kazi. Wanaozunguka ni vijana na akina mama wa huko huko, wengi wakiwa na cheti cha sekondari, wanaozungumza Kigiriama na kujua njia za panya. Kabla ya hapo, kati ya 1993 na 1995, kazi ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jibu la vyandarua vilivyotiwa dawa: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33 kwenye vijiji vilivyopewa. Chandarua kilikuwa kitu rahisi. Kuhesabu kila mtoto aliyezaliwa na kila aliyezikwa, bila kumruka hata mmoja, ndiko kulikokuwa kugumu.

Mtoto akifia nyumbani, hakuna daktari aliyemwona. Mfanyakazi wa nyanjani hurudi baada ya matanga kupoa, akaketi na mama mkekani, akauliza. Homa ilianza lini? Alikuwa akipumua kwa haraka? Alishikwa na degedege? Alikataa kunyonya? Madaktari husoma majibu hayo baadaye na kukadiria kilichomuua. Maswali yameandikwa kwenye tableti, yote yamepangwa. Ambalo halikuandikwa ni wakati wa kuiweka tableti chini, kusema pole mama, na kukaa kimya mpaka mwenyewe aendelee.

Dorcas Kamuya, Mkenya anayetafiti maadili ya utafiti huko Kilifi, amechunguza mambo yanayowakuta wafanyakazi hawa. Mojawapo ni kukataa kimyakimya. Mama anaitikia vizuri kabisa: "Haya mwanangu, njooni Jumatano." Jumatano mlango umefungwa, jirani anasema ameenda shamba. Wiki inayofuata yuko arusini. Kila mtu wa Pwani anajua hapo kishasema hapana, ila hakutaka kumkosea heshima mgeni, au mume ndiye aliyekubali na yeye hakuulizwa. Ofisini wanangoja idadi. Mfanyakazi akimbana, amevunja maadili ambayo kamati ilikaa siku nzima kuyajadili. Akiandika "hakupatikana" mara tatu, ripoti inaonyesha yeye ni mvivu.

Halafu jioni anarudi kijiji hicho hicho, kwa kuwa ndiko anakoishi. Atakutana na yule mama kisimani. Atagongewa usiku na mwenye mgonjwa, aombwe nauli ya hospitali, kwa sababu anaonekana ni mtu wa kituo na kituo kina magari. Fomu tu, wanasema.

"Umesomea jiografia, malaria utaifanya nini?"

Mwulize Abdisalan Noor. Kazi yake ilikuwa ramani: kuonyesha malaria iko wapi Kenya na Afrika, na zahanati ziko umbali gani na watu wanaozihitaji. Aliifanyia Nairobi, chini ya mpango huu huu wa KEMRI na Wellcome Trust, kisha akaenda Geneva kuongoza kitengo cha takwimu za malaria katika Shirika la Afya Duniani. Aliyesomea takwimu, kompyuta, sosholojia au uandishi wa habari ana mlango pia. Nafasi si nyingi, lakini zipo.

"Ni mradi wa wazungu"

Fedha, kwa sehemu kubwa, ni za nje, hilo halifichiki. Wellcome ni shirika la hisani la Uingereza, na mmoja wa waliokianzisha kituo cha Kilifi, aliyekiongoza kwa miaka mingi, Kevin Marsh, ni Mwingereza. Swali la nani anachagua ugonjwa wa kuchunguzwa ni swali halali, na ningependa serikali yetu ilijibu kwa bajeti yake badala ya hotuba. Ila KEMRI ni taasisi ya umma ya Kenya tangu 1979, na wafanyakazi wengi mno ni Wakenya. Faith Osier, aliyeanzia Kilifi kuchunguza jinsi mwili unavyojikinga na malaria, alikuja kuwa rais wa muungano wa dunia wa vyama vya wanasayansi wa kinga mwaka 2019, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Anayesema Wakenya wanashikishwa mikoba tu hajaangalia majina kwenye makala.

"Wasipopata dawa mpya, pesa zimepotea"

Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa hoi kwa homa kali, mwili umepoa na damu haizunguki vizuri, ilishauriwa atiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ilionekana ni busara isiyo na shaka. Kathryn Maitland, daktari aliyeweka makao yake Kilifi, na wenzake waliijaribu kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwanzoni mwa 2011 kamati huru inayoangalia takwimu, ambayo kazi yake ni kuchungulia matokeo majaribio yakiendelea, ilisema simamisheni. Katika saa 48 za kwanza, kati ya waliotiwa maji mengi walikufa zaidi ya watoto 10 katika kila 100. Kati ya wasiotiwa walikufa 7 hivi.

Hakuna dawa iliyogunduliwa hapo, wala chanjo. Kilichopatikana ni kwamba tiba iliyoaminiwa ilikuwa ikiua, na aliyeliona kwanza ni mtu wa hesabu aliyekaa mbele ya jedwali. Jedwali hilo lilitegemea wauguzi walioandika saa kamili ya kila dripu na ya kila kifo, usiku na mchana. Wangeandika kwa kukisia, tofauti ya watatu katika mia isingeonekana.

"Ukiingia kule umeshatoka kimaisha"

La. Nafasi nyingi zimefungwa na mradi, na mradi umefungwa na fedha za mfadhili. Miaka miwili, mitatu, kisha barua. Nimeona watu hodari, waliofunzwa kwa gharama, wakirudi kuuza dukani kwa mjomba Kongowea kwa sababu mradi uliisha Desemba na mwingine haukuja. Katika mambo haya yote, hili ndilo ambalo vituo vyenyewe havipendi kulizungumza, na ndilo linalowafukuza mafundi na wafanyakazi wa nyanjani kabla ya maprofesa.

Basi ukiitwa mahojiano, usiulize mshahara peke yake. Uliza mkataba unaisha lini, fedha za mradi zimebaki za muda gani, kama bima inamhusu mke au mume na watoto, na kama mafunzo utakayopewa yana cheti kinachotambulika nje ya lango lao. Uliza pia waliokuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako wako wapi sasa.