Petro, Paulo na Maria sio kwaya ya parokia

Shangazi yangu wa Moshi alikuwa na kaseti moja, zile za kurekodiwa dukani, juu imeandikwa kwa peni "JOHN DENVER NA WENZAKE", na ukiisikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho John Denver, mwimbaji wa Marekani, humsikii hata akikohoa. Wanaoimba humo ni Peter, Paul and Mary, kundi la Marekani la foku, yaani nyimbo za kienyeji za gitaa, na nyimbo zake ni zile zile za mkusanyiko wao wa mwaka 1970 unaoitwa The Best of Peter, Paul and Mary: Ten Years Together. Nimekua na hiyo kaseti, naijua mpaka pale ilipokuwa inakwaruza, lakini nimekuja kushtuka ukubwani kwamba nusu ya nilichokuwa nakijua kuhusu hawa watu ni uongo mtupu. Na siko peke yangu, maana kila nikiweka hizo nyimbo kwenye gari lazima aliyekaa pembeni aniambie kitu cha ajabu.

Cha kwanza ni jina. Ukisema Peter, Paul and Mary mtu wa kwetu anasikia Petro, Paulo na Maria, basi anajua ni kwaya ya Wakatoliki ya huko Ulaya. Hapana jamani. Hawa waliunganishwa na meneja, Albert Grossman, New York mwaka 1961, kwenye mtaa wa Greenwich Village ambako enzi hizo vijana wenye magitaa walikuwa wanajazana kwenye vilabu vya kahawa. Peter Yarrow alikuwa Myahudi (kwa hiyo angalau kwenye hilo anafanana na Petro mwenyewe). Mary Travers ndio jina lake kweli. Paul ndio kichekesho, maishani anaitwa Noel, Noel Paul Stookey, Paul ni jina la katikati tu, na kabla ya hapo kazi yake jukwaani ilikuwa kuchekesha watu. Sasa Peter, Noel and Mary haikai mdomoni, na kulikuwa na wimbo wa zamani unaowataja Peter na Paul pamoja, basi jamaa jukwaani akawa Paul. Baadaye kweli aliokoka, na ule wimbo wake wa harusi unaopigwa sana makanisani, Wedding Song, ni wa 1971 akiwa peke yake, ndio maana unautafuta kwenye mkusanyiko huu huuoni, usije ukadhani kopi yako imekatwa.

Sasa hili lifuatalo ndio kubwa, na ndilo lililomponza yule wa peni pale dukani: watu wanaamini kila aliyeimba wimbo ndiye aliyeutunga. Chukua huo mkusanyiko upitie wimbo kwa wimbo uone. If I Had a Hammer ni wa Pete Seeger na Lee Hays, waliutunga 1949. Blowin' in the Wind na Don't Think Twice ni za Bob Dylan, ambaye meneja wake alikuwa huyo huyo Grossman, kwa hiyo nyimbo zilikuwa zinahama kutoka chumba hiki kwenda kile ndani ya nyumba moja. Early Mornin' Rain ni ya Gordon Lightfoot wa Kanada. Lemon Tree ina asili ya wimbo wa Wabrazili. Stewball, ule wa farasi wa mashindano, ni wa kizamani kabisa ulitoka kwa Waingereza huko (halafu sikiliza melodi yake kisha usikilize ule wa Krismasi wa John Lennon, utaniambia). Wenyewe walikuwa wanatunga pia, Day Is Done ni ya Peter, ila sehemu kubwa ya kilichowapa jina ni nyimbo za watu wengine walizozichukua wakazipanga sauti tatu na magitaa mawili zikawa kitu kingine. Sio wizi huo. Foku ndio inavyoenda, wimbo unapita mikono. Sisi wenyewe na Malaika yetu, leo ukiuliza ni ya nani mmoja atakwambia Miriam Makeba, mwingine Boney M, na hata ukiwarudisha Afrika Mashariki bado watu watagawanyika kati ya Fadhili William na Adam Salim.

Na kuupanga upya sio kazi ndogo. Leaving on a Jet Plane, John Denver aliutunga mwaka 1966 akiuita Babe, I Hate to Go, wakati huo hakuna anayemjua, akaurekodi kwenye santuri aliyojilipia mwenyewe ya kuwagawia ndugu na marafiki. Prodyuza Milt Okun akamshauri abadili jina. Peter, Paul and Mary wakauweka kwenye albamu yao ya 1967, ukakaa humo kimya miaka miwili, ndio ukatolewa kama singo 1969 na mwezi wa kumi na mbili ukapanda mpaka namba moja Marekani. Anayeongoza ni Mary, na ukitega sikio utagundua kuna neno limeguswa: Denver mwanaume anaahidi akirudi ataleta pete ya ndoa, Mary yeye anasema akirudi ataivaa. Neno moja tu, wimbo mzima umegeuka wa mwanamke anayeondoka. Wengine wanasema ulitungwa kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam. Wanajeshi waliupenda na familia zao ziliulilia kweli kwa sababu wakati ulikuwa wa vita, ila aliyeutunga alikuwa mwanamuziki anayezunguka na bendi.

Hapo hapo kuna dhana nyingine nitaipitia haraka: kwamba "nyimbo bora" maana yake zote zilikuwa namba moja. Wapi! Kwenye chati kuu ya Marekani ni hiyo ya ndege, Leaving on a Jet Plane, peke yake. Blowin' in the Wind iliishia namba mbili, Puff nayo namba mbili, zote 1963. Lemon Tree ilifika 35 tu basi.

Puff. Haya, tukae hapa kidogo maana hili limenigombanisha na watu. Stori ya mtaani ni kwamba Puff, the Magic Dragon, ule wa joka na rafiki yake mtoto, ni wimbo wa bangi, eti puff ni kuvuta, na yule mtoto Jackie Paper ni karatasi ya kusokotea. Nilishawahi kuambiwa hivyo na mwalimu kabisa, kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya serikali. Ukweli ni kwamba mwaka 1959 kijana wa miaka 19, Leonard Lipton, mwanafunzi wa chuo cha Cornell, alisoma shairi la Ogden Nash la joka, likamkaa kichwani, akaingia kwenye nyumba aliyokuwa anakaa Peter Yarrow, akatumia taipureta ya Peter kuandika shairi lake, akaondoka akaliacha humo humo kwenye mashine. Peter akalikuta, akalitilia melodi na maneno ya kuongezea. Mwenzake alishalisahau kabisa! Peter baadaye akamtafuta, akamwandika kama mtunzi mwenza na hela akawa anapata. Wote wawili walikataa habari ya bangi mpaka mwisho. Na usikilize mwenyewe ubeti wa mwisho: mtoto anakua, anaacha kuja kucheza, joka linashusha kichwa linarudi pangoni. Hayo ni ya kuliza mtu mzima. Moshi uko wapi hapo?

Kuna pia wanaowaona kama watu wa nyimbo tamu za kulalia. Hawa tarehe 28 Agosti 1963 walisimama Washington, kwenye maandamano yale yale ya kudai haki za Weusi ambayo Martin Luther King alitoa hotuba ya ndoto, mbele ya watu kama laki mbili na nusu, wakaimba ile ya nyundo (If I Had a Hammer) na ile ya upepo (Blowin' in the Wind). Ukishajua hilo, ile ya nyundo hutaisikia tena kama wimbo wa watoto wa chekechea.

Na hapana, miaka kumi ya kwenye jina la albamu haikuwa mwisho. Waliachana 1970, wakaonja kurudi pamoja 1978, halafu wakaendelea mpaka Mary alipofariki Septemba 2009. Peter naye ameondoka Januari 2025.

Shangazi nilimpigia nikamweleza yote haya, kwamba ile kaseti yake ina makosa, John Denver hayumo, yeye katunga tu ule wa ndege. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si umesema katunga yeye? Basi yumo."