DNA ya virusi vinavyoshambulia bakteria: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Hili nalisikia kila mara, eti virusi ni kitu kidogo sana kwa hiyo ukishasoma DNA yake umemaliza, unajua kila kitu. Hapana jamani. Kusoma herufi za DNA, yaani vile vijenzi vyake vidogo vinavyofuatana kama maandishi, siku hizi ndo sehemu rahisi, kazi ni kujua zinasema nini.

Cheki phiX174, faji (ndo jina la virusi vinavyoshambulia bakteria) ya bakteria wa tumboni E. coli, ndo DNA ya kwanza ya kiumbe kizima kusomwa mwanzo mwisho, kazi ya Frederick Sanger na wenzake kule Cambridge, matokeo yakatoka 1977. Ina herufi 5,386 tu. Lakini humo ndani jeni zimelaliana, jeni E yote imo ndani ya jeni D, herufi ni zilezile, ila zinasomwa tatu tatu, sasa ukianzia herufi ya pembeni inatoka protini tofauti kabisa, D inasaidia kujenga ganda la virusi na E inapasua bakteria ili virusi vitoke. Na hiyo ni faji iliyochunguzwa miaka na miaka, ukisoma faji mpya leo mara nyingi zaidi ya nusu ya jeni zake hakuna anayejua zinafanya nini, programu inakuandikia tu kwamba hapa kuna protini.

Wengine wanadhani ukishapata majimaji yenye faji unapeleka kwenye mashine basi. Ukifanya hivyo utasoma bakteria! Bakteria wakipasuka wanamwaga DNA yao humohumo na ni ndefu mara nyingi kuliko ya faji, kwa hiyo kwanza unaweka kimeng'enya cha kukatakata DNA iliyo nje, ya faji inakuwa salama maana imefunikwa na ganda la protini, halafu unakiua hicho kimeng'enya, ndo unafungua ganda. Ukisahau kukiua kitakula na ile uliyokuwa unaitafuta.

Halafu kuna hii ya duara. Mashine inasoma DNA vipande vipande, sasa kompyuta ikiviunganisha ikatoa duara watu wanaandika DNA ya faji hii ni duara. Si lazima. Lambda ina herufi 48,502 na ndani ya ganda ni uzi ulionyooka, una ncha za herufi 12 zinazoshikana ikishaingia ndani ya bakteria. Faji nyingine zinarudia herufi zilezile kwenye ncha zote mbili na programu inadanganyika kuwa ni duara, so lazima uangalie ncha kwa makini kabla hujatangaza.

Ila dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba faji yoyote inaua bakteria kwa hiyo yoyote ni dawa. Kuna faji zinaingia kwenye DNA ya bakteria zinatulia humo, na nyingine zinamwongezea ubaya, ile sumu ya kipindupindu inayomkausha mtu maji, jeni zake zimebebwa na faji inaitwa CTX-phi, ilijulikana 1996. Ndo maana kabla ya kumpa mgonjwa faji lazima DNA yake isomwe, unatafuta jeni za sumu na jeni za kujichomeka kwenye DNA ya bakteria, ukizikuta unaiacha.

Au unaikarabati. 2019 ilitoka ripoti ya mgonjwa wa Uingereza aliyekuwa na maambukizi ya bakteria anaitwa Mycobacterium abscessus, dawa za kawaida zimeshindwa, akapewa mchanganyiko wa faji tatu. Muddy, iliyotoka kwenye biringanya lililooza Afrika Kusini, ilikuwa inaua yenyewe. BPs na ZoeJ ni zile za kutulia, lakini kwa kuwa DNA zao zilishasomwa watu walijua ni jeni gani inazituliza, kwa ZoeJ ni namba 45, wakaziondoa jeni hizo na faji zikawa za kuua. Vidonda vya mgonjwa vikaanza kufunga, ini likarudi kufanya kazi vizuri.