Jaribio linganishi la sukari: kwa nini seli bado zinang'aa?

Lektini ni protini zinazoshika sukari. Zikiunganishwa na rangi ya kung'aa na kuwekwa kwenye seli, huonyesha chini ya hadubini sukari zilizopo juu ya utando. Lakini mng'ao peke yake si ushahidi, kwa sababu rangi huweza kunata popote. Ndiyo maana sampuli moja hupewa lektini iliyochanganywa kwanza na sukari inayoishika. Ikishashiba huko, haina nafasi ya kushika seli, na mng'ao unapaswa kushuka.

Mng'ao ukikataa kushuka, wengi hukata shauri kwamba lektini imenata ovyo. Mimi huanza kwa kuishuku sukari.

Chukua WGA, lektini ya kiini cha ngano. Inashika N-asetiliglukosamini, ni kweli, ila molekuli mojamoja huishika kwa ulegevu. Juu ya seli sukari hizo zimesongamana, asidi sialiki, sukari nyingine ya utando, nayo imo na WGA huishika pia, tena lektini hii ina sehemu kadhaa za kushikia kwa pamoja. Milimola 10 kwa lita hazifui dafu hapo. Jaribu 200 hadi 500, au afadhali vipande vifupi vya kitini (kitu kinachojenga maganda ya wadudu na kaa), ambamo sukari hiyo imeungana mbili au tatu; hivyo huzuia vizuri zaidi. Changanya lektini na sukari dakika 30 hadi 60 kabla ya kugusa seli, na sukari ibaki humo wakati wote wa kupaka rangi.

Kinachonisumbua zaidi ni mng'ao unaoshuka kwa sababu nyingine kabisa. Milimola 500 kwa lita za sukari yoyote huvuta maji kutoka kwenye seli hai hadi zisinyae. Kwa hiyo weka sampuli nyingine yenye galaktosi kwa kiwango kilekile: WGA haiishiki, basi mng'ao usishuke. Ukitumia asidi sialiki kama kizuizi, huchachusha bafa (mmumunyo unaotuliza pH), isawazishe pH kwanza. Na ConA, lektini nyingine, huhitaji kalsiamu na manganizi. Bafa yenye EDTA, kemikali inayonasa madini hayo, inaweza kuizima bila sukari yoyote, ukadhani kizuizi kimefanya kazi.

Seli zisizopewa lektini zikiwaka vilevile, huo ni mng'ao wao wenyewe. Ukitumia lektini yenye biotini, kibandiko ambacho protini yenye rangi huja kukishika, acha avidini kama protini hiyo, maana yenyewe imebeba sukari ambazo ConA huzishika, tumia streptavidini.

Kwa PHA-L, lektini ya maharage, usihangaike na sukari sahili. Hutambua matawi makubwa ya sukari, kwa hiyo hujaribiwa kwa glaikoprotini (protini iliyobeba sukari) nzima kama tairoglobulini.