Mbunge Akishika Shilingi, Mshahara Wako Haupandi

Kila mwaka, kuanzia Mei Mosi hadi mishahara ya Julai inapotoka, simu za dawati letu hazipoi. Watumishi wa umma wanaopiga huuliza mambo matatu kuhusu mishahara. "Rais ametangaza asilimia, mbona kwangu hazijafika?" "Mbunge wetu ameshalisema bungeni, kwa nini mwajiri hatekelezi?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Na tukigoma?" Tunaamini wanaouliza wana nia njema, kwa hiyo tutajibu yote, ingawa wapo wanaopiga wakiwa na jibu lao mkononi na wanachotafuta ni wa kuwaunga mkono.

Tuanze na asilimia, maana ndizo zinazovunja urafiki. Tarehe 1 Mei 2025, Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kima cha chini. Maneno hayo mawili yalisemwa wazi, lakini yakipita kwenye makundi ya WhatsApp hudondoka njiani. Mwenye mshahara wa milioni moja na laki mbili alishapiga hesabu, akazidisha kwa asilimia 35.1, na wengine wakakopa juu ya hesabu hiyo. Ngazi za juu nazo huongezwa, lakini kwa viwango vyake, kadiri bajeti inavyoruhusu. Mwaka 2022 ilikuwa vilevile: asilimia 23.3 zilikuwa za kima cha chini, na Julai ilipofika watu wakafungua salari slipu, wakaona nyongeza ndogo, wakasema wamedanganywa. Hawakudanganywa, walisikia nusu. Na aliyeajiriwa kiwandani au dukani asisubiri tangazo hili limguse, kwani sekta binafsi ina Amri yake ya Mshahara, inayopanga kima cha chini chake.

Sasa Bunge. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kuanzia Aprili, wabunge hukaa Dodoma wakipitia makadirio ya wizara moja baada ya nyingine. Waziri husoma hotuba, kamati ya kisekta hutoa maoni yake, wabunge huchangia, waziri hujibu, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu kwa fungu. Hapo ndipo shilingi hushikwa. Mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Akiungwa mkono, hoja hujadiliwa. Waziri akitoa maelezo ya kuridhisha, mbunge hurudisha shilingi. Asiporidhika, wabunge hupiga kura. Muda ukiisha huja gilotini, na vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja. (Tumewahi kuulizwa kama shilingi ile hukatwa kweli mfukoni mwa waziri. Haikatwi, na hata ingekatwa isingetosha kununua pipi.)

Kushika shilingi ni njia halali ya kumbana waziri ajibu, na majibu yake huingia kwenye Hansadi, yaani taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge, mahali ambapo hata baada ya miaka mitano mtu anaweza kuyafukua. Lakini shilingi haiongezi fedha popote. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada unaoagiza fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina, au unaotoza kodi mpya, isipokuwa Rais awe amependekeza na waziri awe amewasilisha pendekezo hilo. Kwa hiyo mbunge hawezi kusimama asubuhi akasema walimu waongezwe laki moja na jioni ikawa sheria. Hata asimame akiwa na takwimu, akiwa na machozi, au na nguo nyeusi.

Hii haina maana kwamba wabunge ni wapiga makofi. Kamati ya Bajeti hukaa na Hazina, na tarakimu hubadilika kabla ya kufika ukumbini. Baada ya wizara zote kupita, Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti kuu. Ile ya 2025/26 ilisomwa tarehe 12 Juni 2025, ikiwa na jumla ya shilingi trilioni 56.49. Bunge hujadili kwa siku kadhaa, kisha kila mbunge huitwa kwa jina na kupiga kura yake ya wazi. Wabunge wanajua pia kwamba Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kura ile si ya mzaha. Kinachofuata ni Sheria ya Kuidhinisha Matumizi, inayoruhusu fedha kutoka, na Sheria ya Fedha, inayohusu kodi na tozo. Tafadhali msizichanganye.

Kwa hiyo ukimtumia mbunge ujumbe mwezi Juni umechelewa. Fedha ya mshahara wa Julai ilianza kutafutiwa nafasi miezi mingi nyuma. Mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hupelekwa bungeni kwa kawaida Novemba. Baada ya hapo kila mwajiri huandaa ikama (orodha ya watumishi na nafasi zao) na bajeti ya mishahara: nani anapanda daraja, nani ana mserereko (kupandishwa ili kufidia daraja lililochelewa), nafasi gani zinaajiriwa, nani anastaafu. Jina lisiloingia humo halitokei Julai kwa miujiza.

Na hapo kuna chombo ambacho watumishi wengi hukipita kama kibao cha barabarani: Baraza la Wafanyakazi. Lipo kisheria, linakutanisha menejimenti, chama cha wafanyakazi na wawakilishi wa idara, na moja ya kazi zake ni kupitia makadirio ya taasisi kabla hayajaenda Hazina. Mtumishi mmoja alitupigia akilalamika kwamba idara yao haina mtu wa kuwasemea. Tukamwomba aangalie orodha ya wajumbe kwenye ubao wa matangazo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema jina lililoandikwa ni lake.

Mgomo. Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Sheria haimnyimi mtumishi wa umma haki ya kugoma; inaiwekea masharti. Chini ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, lazima kuwe na mgogoro ulioshindikana kwenye majadiliano, kura ipigwe chini ya usimamizi na wengi waunge mkono, kisha Serikali ipewe notisi ya siku 60. Walio kwenye huduma muhimu wana vikwazo zaidi. Huduma hizo ni maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga, pamoja na usafiri unaoziwezesha. Chama kikubwa cha wafanyakazi pia huweza kukosea hatua: Agosti 2012 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kuwa mgomo wa walimu ulikuwa batili.

Mgomo ukiwa batili, siku ulizokaa nyumbani si mgomo tena, ni utoro. Utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfikisha mtumishi kwenye kufukuzwa kazi. Utapewa hati ya mashtaka, utajibu kwa maandishi, uchunguzi utafanyika, na mamlaka ya nidhamu itaamua. Adhabu nyingine ni kushushwa cheo na kupunguziwa mshahara. Utetezi wa "wote tuligoma" haujawahi kumsaidia mtu tunayemfahamu, kwa sababu mashtaka huandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja.

Ukiadhibiwa na hukubali, usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia zote za sheria hiyo. Tumeona mashauri yakitupwa kwa sababu hii tu, baada ya mhusika kulipa wakili. Rufaa hupelekwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya muda uliowekwa, na nakala kwa mamlaka ya nidhamu iliyokuadhibu. Usiporidhika na Tume, unakata rufaa kwa Rais. Ambatisha barua ya adhabu, hati ya mashtaka na utetezi wako wa awali, tena uliosainiwa. Nakala kwa mbunge haihitajiki.