Kulinganisha shule za msingi za serikali: msiishie kwenye wastani

Msimu wa kuandikisha darasa la kwanza ukikaribia, wazazi hufungua tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wakachagua mkoa, halmashauri na shule, wakasoma wastani wa mtihani wa darasa la saba, basi. Tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora, lakini mitaani bado tunazipanga kwa namba hiyo moja. Mimi ni mthibiti ubora wa shule, na ninawaomba mkae na matokeo hayo kwa muda mrefu zaidi.

Wastani huo ni kati ya alama 300, yaani masomo sita yenye alama 50 kila moja. Daraja A linaanzia 241, B 181, C 121. Sasa chukueni shule yenye wastani wa 190 kwa watahiniwa 30, na jirani yake yenye 175 kwa watahiniwa 180. Mimi naiheshimu zaidi hiyo ya pili, kwa kuwa imefika hapo ikiwa na watoto mara sita. Shukeni hadi kwenye madaraja ya mtahiniwa mmoja mmoja, mtazame Hisabati na Kiingereza, maana Kiswahili huwabeba wengi.

Halafu rudini nyuma miaka mitatu. Waliomaliza la saba 2023 walifanya upimaji wa darasa la nne 2020. Fungueni matokeo ya mwaka ule, shule ile ile, mhesabu majina. Tuseme walikuwa 150, na waliofika la saba ni 95. Wale 55 wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao. Wapo waliokaririshwa darasa, na wapo walioacha shule kabisa. Wastani wa waliobaki unaweza kupanda bila mtoto hata mmoja kufundishwa vizuri zaidi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu hao walioachwa njiani hakuna anayewaulizia.

Msizichanganye pia shule zisizofanana. Olympio na Diamond za Upanga, Dar es Salaam, ni za serikali, lakini zinafundisha kwa Kiingereza na wazazi huchangia. Kuzipima pamoja na shule ya kawaida inayotegemea ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni kuwaonea walimu.

Mkienda shuleni, msiombe kuonyeshwa darasa la saba, kwani mara nyingi ndiko walimu mahiri hupangwa. Ombeni la kwanza na la pili. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, ingawa tangu elimu bila malipo ianze 2016 mijini si ajabu kukuta zaidi ya mia. Hesabuni matundu ya vyoo: moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Someni ubao wa matangazo muone kama mapato na matumizi ya ruzuku yamebandikwa.

Kisha mwulizeni mwalimu wa darasa la pili ni watoto gani bado hawajui kusoma, na anawasaidiaje. Akiwataja kwa majina na kuwafungulia madaftari yao, mimi mwanangu ningemwandikisha hapo, hata kama shule ina C.