Kinachoanikwa si ndege

"Ongeza ISO uingize mwanga." ISO ni ile namba ya kamera inayoamua picha ing'ae kiasi gani. Kauli hiyo nimeisikia tena juzi jioni, ikitolewa kwa sauti ya kungwi anayefunda mwari, na mpiga picha za ndege aliyebeba lenzi ndefu kuliko mkono wake. Ndege mwenyewe alikuwa ametulia tawini, hana habari na mtu. Nilinyamaza siku hiyo, lakini sasa imezidi: ISO haiingizi mwanga.

Ekspoja ni kiasi cha mwanga kinachoifikia sensa, yaani kile kibamba cha kamera kinachopokea mwanga, au filamu, wakati shata, pazia dogo la kamera, iko wazi. Kinatokana na mwanga uliopo, upana wa tundu la lenzi, na muda ambao shata inakaa wazi. Kipimo chake ni luksi-sekunde, yaani ukali wa mwanga mara muda. Basi. ISO haimo humo hata kwa bahati mbaya.

Asili ya neno ingetuokoa kama tungeisikiliza. Limetoka kwenye Kilatini, exponere: ex ni nje, ponere ni kuweka. Kuweka kitu nje. Sisi kitenzi hicho tunacho tangu zamani, nacho ni kuanika. Nguo ikianikwa, kinachoamua ni ukali wa jua na muda iliokaa kambani, na hesabu ya ekspoja ndiyo hiyohiyo. Wapo wanaopenda kuandika "mfichuo", na kila nikiliona nakunja uso. Kufichua ni kutoa hadharani kilichositirika, kwa hiyo msomaji anadhani anayefichuliwa ni ndege, kwamba yuko gizani na kamera inamtoa. Ndege hafanywi chochote. Kinachoanikwa ni sensa.

Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce alilijua hilo kwa vitendo. Ile picha yake ya mandhari ya dirishani huko Le Gras, ya mwaka 1826 au 1827, aliipata kwa kuweka ndani ya kamera sahani ya madini iliyopakwa lami, akaiacha kwa saa nyingi. Lami ikawa ngumu pale mwanga ulipogusa, na kwingineko ikabaki ya kuoshwa. Hakuwa na kitufe cha kubembeleza. Alikuwa na tundu, muda na subira.

ISO nayo ina hadithi yake. Ni jina la shirika la kimataifa la viwango, na mwenye jina anatukumbusha kwamba si kifupisho bali limetokana na neno la Kigiriki isos, lenye maana ya sawa. Enzi za filamu Wamarekani walikuwa na ASA na Wajerumani DIN, kisha vipimo hivyo viwili vikaunganishwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ilikueleza filamu ile ni nyepesi kiasi gani kushikwa na mwanga. Kwenye kamera za dijitali inaiambia kamera iufanye ung'ae kiasi gani mwanga ambao umeshapokelewa. Ni kama kukuza sauti ya redio: mtangazaji hajapaza sauti kule studio, na mikwaruzo nayo inapanda.

Kinachochekesha ni kwamba kamera ikiwa kwenye otomatiki, ukipandisha ISO, yenyewe hufupisha muda wa shata au kubana tundu ili picha isizidi weupe. Umesema unaingiza mwanga, kumbe umeufukuza.

Jua likizama ndipo kosa hili linapouma. Kungwi wangu wa juzi alikuwa na shata ya 1/4000 ya sekunde na ISO 12,800, kwa ndege asiyetikisa hata bawa. Angeshusha shata hadi 1/250 angepata mwanga mara 16 zaidi, na ISO ingerudi 800 picha ikiwa na weupe uleule. Zile chengachenga za picha anazozilaumu kwenye ISO zinatokana hasa na uchache wa mwanga. Mwanga hudondoka kama matone ya mvua, bila mpangilio. Matone yakiwa machache, sakafu inabaki na madoa, na mvua ikikolea inalowa sawia. Mwanga mara 16 unaifanya picha iwe safi mara 4 hivi. Ndege akiruka ni kesi nyingine, maana 1/2000 huna budi, na chengachenga utazimeza tu.

Mita ya kamera nayo si ya kuachiwa usukani. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na inatamani kila kitu kiwe kijivu cha kati. Yangeyange akisimama mbele ya maji meusi, mita inaona giza tele, inaongeza ekspoja, na manyoya yanaungua yakawa karatasi tupu. Halafu anatokea mtu na kanuni ya "ndege mweupe ongeza, mweusi punguza". Kanuni hiyo ni ya ndege aliyejaza fremu. Akiwa mdogo kwenye fremu, anayeamua ni nyuma yake. Mnandi mweusi mbele ya mawingu meupe anahitaji kuongezewa stopu 1 au 2, kila stopu ikiwa ni kuzidisha mwanga mara mbili, la sivyo unaondoka na kivuli chenye mdomo.

Ndege anayeruka kutoka mbele ya miti kwenda mbele ya anga hajabadilikiwa na mwanga unaomwangukia. Kilichobadilika ni rai ya mita. Kwa hiyo wengi wetu tunapanga wenyewe kwa mkono na kuiacha mita ipige kelele. Kwenye jua kamili linalompiga ndege usoni, anza na f/16 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana) na shata inayolingana na ISO. Kwa ISO 400 ni 1/400, au f/5.6 kwa 1/3200, maana ni ekspoja ileile. Kwa yangeyange punguza kama stopu moja, manyoya yabaki manyoya.

Yule ndugu wa juzi, kwa haki, hakukosea kupandisha ISO, kwa kuwa kwa shata ile picha ingetoka giza. Nikikutana naye tena nitamwomba aseme tu, "nimeongeza ISO ili picha ing'ae," kisha amtazame ndege mara moja zaidi, aone kama shata haiwezi kushuka kidogo.