Je, wajua umeme hutulizaje maumivu ya upasuaji bila kutia ganzi?

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa anaweza kubandikwa vibandiko viwili au vinne kandokando ya mshono, vikiwa vimeunganishwa kwa nyaya na kifaa kidogo cha betri kiitwacho TENS. Kifaa kikiwashwa, huhisi mtekenyo kama wa sisimizi wengi chini ya ngozi, na maumivu huweza kupungua.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba umeme huo hutia neva ganzi, kama ifanyavyo sindano ya daktari wa meno, na ninaona wengi bado wanaamini hivyo. Sivyo hata kidogo. Sindano ya ganzi huizuia neva isipitishe habari, ilhali kifaa hiki huzidisha habari zinazopita, na mtekenyo wenyewe ni ushahidi kwamba neva ziko kazini. Wala neva haichoshwi mpaka inyamaze, wala kidonda hakiponywi. Kilichobadilika ni kiasi cha habari za maumivu kinachofika kwenye ubongo.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jambo hili kwa mfano wa lango. Nyuzi nene za neva huleta habari za mguso, na nyembamba huleta za maumivu, nazo hukutana katika uti wa mgongo. Hapo pana seli ndogo zinazofanya kazi ya bawabu. Habari za maumivu zikija peke yake, humkuta amesinzia na lango li wazi; habari za mguso zikifurika, humwamsha, naye akalirudisha lango likabaki upenyo tu. Ndiyo maana aliyejigonga goti hulisugua kabla hata hajafikiri. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nyuzi nene huamshwa na umeme mdogo kuliko nyembamba, hivyo kifaa huweza kumwamsha bawabu bila kuwaamsha waleta maumivu. Lango si maelezo yote, kwani mwili pia hutoa kemikali zake zinazofanana na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Ushahidi unahitaji uangalifu. Katika mapitio ya mwaka 1996, tafiti 17 kati ya 19 ambazo hazikutumia kura kuamua mgonjwa yupi apewe kifaa hiki zilikisifu, lakini 15 kati ya 17 zilizogawa kwa kura hazikuona faida. Mapitio ya mwaka 2003 yalikuta matumizi ya dawa za maumivu yakipungua kwa takribani robo, hasa pale umeme ulipokuwa na nguvu ya kutosha bila kuumiza. Tatizo halijaisha, kwa kuwa mgonjwa anayehisi mtekenyo hujua kwamba kifaa chake kimewashwa, na imani hiyo pekee huweza kumfanya aone nafuu. Kwa hiyo kifaa hutumika pamoja na dawa, si badala yake, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hapaswi kukitumia bila idhini ya daktari.

Utafiti mmoja wa waliopasuliwa tumbo ulionyesha nafuu walipotembea na kuvuta pumzi ndefu, ilhali walipotulia kitandani haikuonekana.